Pea Isiyolingana Inayonitosha

Mpendwa Shangazi Kudra,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Kasulu, nasoma ukurasa wako kila gazeti linapofika dukani kwa jirani yetu, na leo ni zamu yangu kukuandikia, kwa sababu nina viatu ninavyovipenda kuliko chochote nilichowahi kuvaa, na siku ya soko kimoja kinachukuliwa, na anayekuja kukichukua hana kosa lolote.

Kwetu ni Kasanda, mama ni mkulima, na hapa mjini nakaa kwa mjomba wangu Badru kwa ajili ya shule. Mjomba anauza viatu vya mitumba sokoni na siku zisizo na masomo namsaidia. Robota la mitumba likifunguliwa, viatu vyote vinaoshwa kwanza kwenye mabeseni, vinaanikwa, halafu mjomba anavifunga kamba viwili viwili na kuvitundika, naye amenifundisha kupima kiatu kabla hakijapewa bei: unakunja soli uone kama imekauka, unabonyeza kisigino kwa kidole gumba, unaingiza mkono ndani kutafuta mshono unaokwaruza, kisha unakivaa na kutembea mpaka bombani na kurudi, na ukirudi unasema ukweli hata kama ukweli unashusha bei.

Sasa Shangazi, kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu hapa Kasulu. Nilipokuwa mdogo nilianguka kutoka kwenye baiskeli iliyobeba ndizi, mguu wa kushoto ukavunjika, ukaunga lakini haukukua kama mwenzake, kwa hiyo wa kulia ni namba thelathini na tisa na wa kushoto ni thelathini na saba. Ukiniona natembea hutajua, maana nimejizoeza. Kila kiatu nanunua cha mguu mkubwa na kwenye kile cha kushoto najaza kitambaa, na nyumbani au mtoni sivui viatu mbele za watu, nasema nina baridi.

Na mimi ni mfungaji wa timu ya netiboli ya shule. Unajua netiboli hairuhusu kutembea na mpira, ukishadaka unatua na kusimama, na mimi nikitua, mguu wa kushoto unateleza ndani ya kiatu, nasogea kidogo kutafuta mizani, refa anapuliza, mpira unapewa wapinzani. Mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Immakulata, ananiambia, “Tunu, mikono yako ni dhahabu, miguu yako inatuuza,” na mimi naitikia tu ndiyo, mwalimu.

Basi kwenye robota la mwezi uliopita, lililopitia mpakani Manyovu, zilitoka pea mbili za viatu vya namna moja ambavyo hata mjomba hakuwahi kuviona. Shangazi, ni viatu vya kelele! Mbele ni rangi ya chungwa lililoiva, ubavuni ni zambarau, kuna mchirizi wa njano unaozunguka mpaka kisiginoni, soli ni nyeupe, nene na bapa kama ubao wa kukatia mboga, na ulimi wake ni mnene kama mto wa mtoto. Emile, kijana Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anayenunua viatu kwa mjomba akija na kibali chake, aliviona akacheka. “Dada, hii ni ya batoto ba kupanda kale kabao ka magurudumu! Niliwaonaka kule Bukavu, banaruka nako kabisa, kiatu inashika ubao, haiachi!”

Pea moja ilinunuliwa siku ileile na Bwana Reverien, mtu wa Munanila, kwa ajili ya binti yake Reine. Ya pili ilining'inia. Watu walisimama, wakacheka, wakaenda. Mjomba akaniambia, “Tunu, hii imeshindikana, vaa wewe mwanangu, utakuwa tangazo la biashara.” Nikavaa nitembee mpaka bombani, nikijua nitarudi kutafuta kitambaa.

Sikurudi kutafuta kitambaa. Cha kulia kiliingia kikakaa. Cha kushoto kiliingia kikakaa. Nilisimama pale bombani nikaviangalia chini, nikageuza soli, nikaona kimoja kimeandikwa thelathini na tisa na kingine thelathini na saba. Mjomba alikuwa amezifunga zile pea kwa kufuata rangi, hakugeuza nyayo, akazichanganya, na kosa lake likawa limeupata mguu wangu kama vile lilipimwa na fundi.

Nitakueleza viatu vyenyewe kwa haki kama nilivyofundishwa. Ni vizito kuliko raba za kawaida, mchana wa jua vinachemsha mguu, ile ngozi yake ya manyoya mafupi inabeba vumbi jekundu la Kasulu lote, na ukitembea navyo mbali utachoka, maana havikutengenezwa kwa safari. Mwanzoni vilikuwa vikavu ubavuni mpaka nikavikunjakunja kwa mikono. Lakini kwenye kifundo vina sponji inayokumbatia bila kubana, kisigino hakichezi, vidole vina nafasi ya kujitandaza, na ile soli bapa ukitua nayo umetua, haikusukumi mbele wala pembeni.

Tulipokwenda Kibondo kucheza mechi ya kirafiki, wenzangu walinicheka njia nzima. Safina, ambaye ni rafiki yangu, alisema, “Tunu, umevaa keki ya harusi,” na wasichana wa Kibondo walipoona wakaanza, “Sarakasi imefika! Hicho kiatu kinawashwa kwa betri au kwa kiberiti?” Mpira wa kwanza ukaja juu, nikaruka, nikadaka, nikatua. Nikangoja filimbi. Filimbi haikulia. Shangazi, nilisimama kama nguzo, nikageuka juu ya mguu mmoja, nikatupa, ukaingia, na kuanzia hapo sikuhesabu tena, nilikuwa nadaka na kutua, nadaka na kutua, mpaka wale wasichana wakaacha kunicheka na kuanza kugombana wao kwa wao nani anikabe. Tulishinda, tena kwa mbali. Safina alinibeba mgongoni. Mwalimu Immakulata akasema, “Leo miguu imeelewa,” na akaniambia Jumamosi hii watakuja watu wa kuchagua timu ya mkoa hapahapa Kasulu, na nikicheza hivi jina langu litakuwemo.

Halafu juzi Bwana Reverien akaja kibandani na viatu vyake kwenye mfuko. “Mzee Badru,” akasema, “umeniuzia viatu au umeniuzia ugomvi? Binti yangu mguu wa kulia umetulia, wa kushoto unaogelea, nyumba nzima hailali!” Mjomba akageuza nyayo, akaona, akashika kichwa. “Astaghfirullah! Ndugu yangu, kosa ni langu. Njoo siku ya soko, mpwa wangu anayo pea nyingine, mtabadilishana kimoja kimoja, kila binti apate pea yake halali.” Kisha akanigeukia kwa huruma. “Kumbe nawe ulikuwa unaumia mwanangu, ukanyamaza kwa adabu. Una bahati, sasa utavaa viatu vya kulingana.” Nami nikasema, “Ndiyo, mjomba, ahsante.”

Siku ya soko ni Ijumaa. Reine anavaa thelathini na saba, kwa hiyo tukibadilishana nitabaki na thelathini na tisa mbili, mguu wangu wa kushoto utateleza tena, na Jumamosi nitarudi kwenye kitambaa mbele ya watu wa mkoa. Nikikataa bila kusema sababu nitaonekana mchoyo na nitamvunjia mjomba ahadi mbele ya mteja. Nikisema sababu, Kasulu nzima itaangalia miguu yangu. Na Reine naye anaumia kwa kosa ambalo mimi linanifurahisha, hilo nalo linaninyima usingizi. Nifanye nini? Mimi sina simu, namba ya Mwalimu Immakulata nimeiandika nyuma ya bahasha.

Wako mtiifu,
Tunu

*

SHANGAZI KUDRA ANAJIBU

Marahaba, Tunu. Ijumaa yako ilikuwa karibu kuliko gazeti, kwa hiyo majibu haya nilikusomea kwanza kwa simu ya mwalimu wako. Sasa nayaandika kwa faida ya wengine, nawe uyasome tena, maana kwenye simu ulikuwa unalia na nina shaka ulisikia nusu.

Kwanza pokea pole, kisha pokea kofi moja. Unakaa nyumba moja na muuza viatu! Unakula naye, unamfungulia robota, unajua kupima soli na kisigino na mshono, na mtu huyohuyo ndiye uliyemficha miguu yako? Yuko mgonjwa anayeishi kwa daktari na kujificha akikohoa, basi huyo ndiye wewe. Na mwalimu wako alikulaumu kwa kosa ambalo hakuwa na njia ya kulijua, ukamwitikia ndiyo, mwalimu. Adabu ni nzuri, binti yangu, lakini hiyo yako imekuzidi kipimo, inakuvua viatu.

Usiibadilishe ile pea kimyakimya. Wala usikatae kimyakimya. Mketishe mjomba kabla ya Ijumaa, vua viatu vyote viwili, weka miguu yako mbele yake, mwambie kila ulichoniandikia. Usimpelekee barua, usimtume Safina. Ahadi aliyompa Bwana Reverien aliitoa bila kujua, na mfanyabiashara mwaminifu akijua zaidi anatafuta njia bora zaidi.

Kuhusu Reine, nakupongeza kwa kumfikiria, ila umemfikiria vibaya. Wewe umeona njia moja tu, kwamba ama yeye aumie ama wewe. Reine anahitaji viatu vinavyomtosha, na mjomba wako ana kibanda kizima cha viatu! Aliyekosea kufunga kamba ndiye wa kurekebisha: arudishe ile pea, Reine aje mwenyewe, akae kwenye stuli, avae mpaka aridhike. Kwani kuna aliyemuuliza mtoto huyo alitaka viatu gani?

Hayo ndiyo niliyokuambia. Jumapili simu yangu ikalia, ni wewe, unapiga kelele mpaka nikaitoa sikioni. Wasomaji wangu, mjomba Badru aliposikia alivua miwani, akaangalia ile miguu, akasema, “Nimevisha wilaya nzima, na mtoto wa dada yangu anavaa matambara!” Akampima mwenyewe, mguu mmoja mmoja, akipangusa macho kwa shati. Ijumaa Bwana Reverien akaja na binti yake. Mjomba akaeleza, na kabla mtu hajasema neno Reine akaruka. “Wallahi, mimi siyataki kabisa yale machungwa! Baba ndiye aliyeyapenda!” Akachagua raba nyeusi za watu wapole, akaondoka anatabasamu, na baba yake akabaki ameshika viatu vya zambarau kwa majonzi kama vile vilikuwa vyake.

Na Jumamosi? Tunu alimwambia Mwalimu Immakulata kabla ya mechi. Mwalimu akapiga magoti kwenye vumbi akamfunga kamba za viatu kwa mikono yake, mbele ya timu nzima. Wapo waliomwangalia miguu, ndiyo, na mmoja akauliza, Tunu akamjibu kwa namba, swali likaisha. Akaingia uwanjani. Akaruka, akadaka, akatua, na refa akabaki na filimbi yake mdomoni haina kazi. Jina lilisomwa la kwanza kati ya wafungaji, na Safina ndiye aliyepiga kigelegele mpaka mwenye kipaza sauti akanyamaza kumpisha.

Hongera sana, binti yangu. Sasa kazi. Viatu hivyo usivivae barabarani, ni vya uwanja tu. Vumbi lipige kwa brashi kavu. Ukilowanisha ile ngozi, jaza magazeti ndani, anika kivulini, usisogeze jikoni. Likizo hii mwombe mama na mjomba mwende hospitali wakauangalie huo mguu, maana uliniambia haujaangaliwa na mtaalamu tangu uvunjike, na kambi ya mkoa ina mazoezi mazito. Mjomba naye kila robota aangalie kama kuna pea nyingine ya kukufaa, kwa sababu hizo hazitadumu milele.

La mwisho ndilo kubwa. Huko kambini kiongozi atapita na katoni la raba mpya akiuliza kila mchezaji anavaa namba ngapi, na wenzako watajibu namba moja moja. Zamu yako ikifika usiinamishe kichwa, usichukue pea yoyote na kwenda kutafuta kitambaa. Simama wima useme kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma ya mstari: kulia thelathini na tisa, kushoto thelathini na saba.