Njia ya Chooni kwa Kaka Cornelius

Jumamosi, 6 Septemba

Watu wengi hukosea hapa: wakisikia neno ubunifu, wanafikiria kitu kizuri cha kutazamwa. Hata mimi. Leo nimeingia darasa la ubunifu chuoni na penseli za rangi! Mstaafu mzima, mwalimu wa jiografia, na penseli mpya kama mtoto wa chekechea.

Mwalimu wetu, Jepkoech, hakuziangalia. Alitutoa nje hadi kwenye bomba la chuo. Bomba liko chini mno, mtungi hauingii. Mtu amekata chupa ya soda na kuifunga bombani kwa mpira wa baiskeli, maji yanapita humo hadi mtungini. Akauliza mbunifu hapa ni nani, aliyeweka bomba au aliyekata chupa. Tyson, kijana wa viti vya nyuma, akasema aliyekata chupa alikuwa na kiu tu. Tukacheka. Jepkoech hakucheka. Alisema tuliandike hilo.

Kazi ya muhula: kitu cha kila siku kinachomshinda mtu unayemjua. Kirekebishe.

Nilijua papo hapo. Kaka yangu Cornelius, kule Iguhu. Tangu kiharusi kimshike upande wa kulia, hawezi kuchuchumaa chooni.

Jumanne, 9 Septemba

Fundi amemaliza kiti cha kuweka juu ya shimo la choo. Cha chuma, tundu katikati, mikono miwili ya kushikilia. Rangi ya buluu. Nimekijaribu palepale kwenye karakana, watu wakipita barabarani. "Mwalimu, usijisahau hapo!" fundi akanitania.

Kiko imara. Kesho kinakwenda Iguhu.

Jumapili, 14 Septemba

Kiti hakijakaliwa. Buibui ameshaanza kufuma kwenye mkono wa kushoto.

Nilimweleza Cornelius jinsi uzito wa mwili unavyogawanyika, na kwa nini mikono imeinuliwa kidogo. Nilieleza vizuri sana. Yeye alitazama migomba. Siku hizi maneno yake hutoka moja moja, na mara nyingi nakuwa nishammalizia sentensi.

Jirani yake Shikanga humwogesha asubuhi. Mengine yote yako kwa Muhonja, mke wa mwanawe Sammy. Sammy mwenyewe yuko kazini Eldoret. Nilipokuwa natoka, Muhonja alinifuata hadi kwenye ua.

"Baba, mimi nimechoka," akasema. "Chai yangu hanywangi. Maji hanywangi. Kikombe kinarudi vile kilienda. Kama hanitaki, aseme tu, nimfuate Sammy."

Nikamwambia mgonjwa hukosa hamu. Nikamweleza habari za kiharusi na misuli ya koo. Alinisikiliza kwa adabu, machozi yakimlengalenga.

Akienda, nani atabaki na Cornelius?

Jumatano, 17 Septemba

Amelazwa. Shikanga alimkuta asubuhi hajui hata yuko wapi. Daktari anasema mwili umekauka, figo zimeanza kuathirika. "Huyu mzee hanywi maji kabisa. Akiendelea hivi mtampoteza."



Alhamisi, 18 Septemba

Wodini. Dripu inashuka tone kwa tone. Akili imemrudia.

Nimemuuliza kwa nini hanywi. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu — koo linauma, sivyo? — nikaling'ata. Nikangoja. Muuguzi akaja, akapima presha, akaondoka. Nikangoja tena. Ni vigumu kuliko nilivyodhani.

Hatimaye: "Mlango... wa jikoni."

Kisha, baada ya muda mrefu: "Anaona."

Basi! Nimezaliwa boma hilohilo na jambo hili sikuliona. Kwetu baba mkwe na mke wa mwana huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono. Muhonja haingii chumba anacholala mzee. Chai huiacha kwenye kigoda, nje ya mlango. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Vijana wa mjini wameyaacha haya. Cornelius hajayaacha.

Na njia ya chooni inapita mbele ya mlango wa jiko la Muhonja. Hapo ndipo anaposhinda, akichambua mboga za mrenda, akiosha vyombo. Alipokuwa mzima, Cornelius alikuwa akipita upesi, kichwa juu, kama mtu anayekwenda kuangalia ng'ombe. Sasa anaburuta mguu, na mkono wake mmoja mzima umeshika suruali isishuke. Kwa hiyo ameamua asiwe na haja ya kwenda. Hanywi.

Chai ya Muhonja haina kosa. Anamheshimu Muhonja hadi anakauka.

Na mimi nikampelekea kiti. Cha buluu!

Jumamosi, 20 Septemba

Nimesimulia darasani. Tyson, ambaye huniita Kuka, yaani babu, akasema, "Kuka, si umhamishe tu huyo mama jikoni?" Wengine wakamzomea. Jepkoech aliuliza swali moja: Muhonja ameshaambiwa na nani?

Hakuna. Hajaambiwa na mtu.

Jumatatu, 22 Septemba

Iguhu. Cornelius ameruhusiwa, tumemleta asubuhi.

Kumwambia Muhonja haikuwa rahisi. Kwake mimi pia ni baba mkwe, na mambo ya choo hayasemwi kati yetu. Tulisimama zizini, sote tukimtazama ng'ombe, nikamwambia ng'ombe. Muhonja alifukuza nzi mgongoni mwa ng'ombe. Kisha akasema, "Kumbe si chai yangu." Akajifuta uso kwa leso. Kisha, naye kwa ng'ombe: "Pitisheni njia nyuma, kwenye kunde zangu. Nitapanda kwingine."

Amekwenda kuchemsha chai.

Nimeshika jembe. Njia ninaiona yote: kutoka mlango wa Cornelius, kuzunguka migomba, halafu moja kwa moja katikati ya kunde. Nimemketisha Cornelius kwenye kiti chake cha uani na kuanza kumweleza mteremko na jinsi maji ya mvua yatakavyopita. Ameinua mkono wa kushoto. Anatikisa kichwa. Kuna neno analitafuta, halijafika.

Chai iko kwenye kigoda. Hajaigusa. Muhonja hasikiki jikoni. Bila shaka anasikiliza.

Midomo ya kaka inachezacheza. Jibu lake ninalo, naona ninalo! Naandika hapa ili nisilitamke.

Weka jembe chini, mwalimu. Mpe fimbo, aichore njia yeye mwenyewe.