Mtu wa Kunirudisha Nyumbani

Jumatatu, 10 Februari

Abiria wa kwanza mzee wa mtaa wa Cedar, kumpeleka kusafishwa damu. Kisha bibi wa kiti cha magurudumu, kutoka hapa mtaani kwetu Phillips hadi kwa daktari wa macho. Kisha wengine. Baridi ya Minnesota, ya kukata masikio. Lifti ya gari, ile ya kupandishia viti vya magurudumu, imegoma tena, nimeisukuma kwa mguu na kwa matusi ya Kitaita. Imekubali.

Nimeongea na abiria kutwa nzima na hakuna aliyejua kwamba sikuwepo.

Kesho naanza dawa ya kupuliza puani. Vidonge vya kwanza havikufanya kitu. Vya pili vilininenepesha. Vya tatu vilinikausha mdomo, basi. Daktari anasema ni sonona iliyokataa dawa. Hata ugonjwa wangu ni mbishi. Mghoi, binti yangu, alicheka nilipomwambia hivyo, halafu akalia. Mwezi wa kumi na moja nilimwambia daktari kwamba nikilala nisiamke sitaona hasara. Ndiyo maana tumefika hapa. Baada ya dawa hii sijui kuna nini. Sikuuliza. Naogopa jibu.

Jumanne, 11 Februari

Kliniki iko Woodbury, nje ya mji, katikati ya maduka ya viatu na magodoro. Niliichagua kwa sababu iko mbali na macho ya kanisa letu.

Hawakupi dawa uende nayo. Unaipuliza mwenyewe mbele ya nesi. Tundu hili, tundu lile, unasubiri, unarudia. Uchungu unashuka kooni. Nesi alinipa peremende. Kisha unakaa kwenye kiti cha kuegemea kwa muda wa saa mbili, wanakupima presha. Yangu ilipanda. Mikono yangu ikawa mbali, kama vile mtu ameisahau mapajani mwangu. Niliogopa sana. Nikaanza kutaja majina ya watoto wa marehemu dada yangu, nione kama bado nawajua. Niliwaza kwamba nitakwama huku na mwili utarudi Phillips bila mimi.

Sikukwama. Ilipungua pole pole.

Sharti lao ni moja na hawana mzaha nalo. Siku ya dawa huendeshi gari mpaka ulale uamke. Na kabla hawajakupa, lazima umtaje mtu wa kukurudisha nyumbani. Hakuna mtu, hakuna dawa. Teksi ya kuitwa kwa simu hawaitaki. Wanataka mtu anayekujua, au gari la wagonjwa.

Gari la wagonjwa ndiyo kazi yangu. Miaka yote hii mimi ndiye ninayesubiri mlangoni.

Leo Mghoi alikuja kunichukua. Nimelala mpaka jioni.

Alhamisi, 13 Februari

Kazini nimesema ni matibabu ya pua. Si uongo wote. Bosi amenipa Jumanne na Ijumaa mchana. Ningesema ukweli angechukua funguo za gari, na mimi bila funguo ni nani? Kanisani ndiyo usiseme. Wangenizunguka, wakaniwekea mikono kichwani, wakakaza maombi mpaka nitangaze nimepona. Ningetangaza. Ningerudi nyumbani vilevile, na sasa ni mwongo juu yake.

Sasa kila mtu ana dawa ya pua. Mama mmoja kaniambia nilale na kitunguu kando ya mto wa kulalia. Papa Bahati, dereva mwenzetu, Mkongomani, shemasi wa kanisa letu, mdomo usiojua likizo, kaniletea kichupa cha mafuta ya mkaratusi.

"Mama Mghoi, unavuta hii asubuhi na mangaribi, pua inafunguka."

Ikabidi nivute mbele yake. Macho yalitoka machozi. Akafurahi kweli.

Ijumaa, 21 Februari

Nimepuliza tena. Sioni tofauti. Nesi ananiuliza najisikiaje kwa sauti ya mtu anayetamani jibu zuri. Sina jibu zuri. Nimeanza kuogopa kwamba dawa ni nzima na mbovu ni mimi.

Jumapili, 23 Februari

Balaa. Mghoi anasomea uuguzi, na chuo kimempangia mazoezi ya wodini Jumanne na Ijumaa. Kuanzia wiki hii. Alitaka kuomba aahirishe. Nimekataa. Sikumlea ili awe dereva wangu.

"Mum, just tell somebody," akasema. Nikamjibu kwa Kitaita, kile kigumu cha bibi yake, ili asielewe. Alielewa.

Bima yangu inatoa gari, najua. Najua pia gari hilo linatoka wapi. Safari zinagawiwa makampuni, za upande wa Woodbury zinatuangukia sisi, na kwetu upande huo ni wa Papa Bahati. Ningetoka kliniki nimkute mlangoni, ameshika kibao chenye jina langu. Jumapili inayofuata hata watoto wa shule ya Biblia wangekuwa wamesikia.

Nilitaka kuandika afadhali kufa. Siku hizi neno hilo siliandiki ovyo.

Jumanne, 25 Februari

Nilikwenda bila mtu, nikidhani watanihurumia. Wamenirudisha kutoka kaunta. Kwa upole mwingi. Upole wa watu wa huku unaweza kukukaba roho.

Jumatano, 26 Februari

Sikutoka kitandani. Nilipiga simu kazini nikasema pua. Mzee wa Cedar amepelekwa na mwingine. Nimetazama dari. Ule uzito umerudi kukaa kifuani kama mgeni asiyeaga, na mimi najua nikiikosa dawa wiki nyingine hautaondoka. Ninaogopa. Ninaogopa. Ninaogopa.

Ijumaa, 28 Februari

Nimefanya upumbavu. Acha niuandike wote.

Niliendesha mwenyewe hadi Woodbury, nikaegesha nyuma ya duka la magodoro. Nikamwambia nesi binamu yangu atanichukua. Nikapuliza, nikakaa saa zangu. Wakati wa kutoka nesi alisimama dirishani anione nikiingia garini. Basi nikaliendea gari jeupe nisilolijua na kumpungia mkono mzee aliyekuwa ndani. Mtu wa Minnesota ukimpungia, lazima akupungie. Akapunga kwa moyo wote. Nesi akaridhika, akaondoka dirishani. Nami nikazunguka nyuma.

Nilijiona mjanja. Nimeendesha kwenye barafu kuliko wengi waliozaliwa huku na sijawahi kumgusa mtu. Nikawasha gari. Usukani ulikuwa karibu, kisha mbali, kisha karibu. Nikajiambia ni kidogo tu. Nikarudi kinyumenyume.

Kulikuwa na mwanamke na toroli la dukani. Ndani ya toroli kulikuwa na mtoto. Sikuwaona kabisa. Nilisikia ukelele, mguu ukakanyaga breki wenyewe. Nilipogeuka, kioo cha nyuma kilikuwa kimejaa kofia nyekundu ya yule mtoto. Na mama yake akaniomba msamaha! Yeye! Akasukuma toroli lake akaenda.

Nilizima gari, nikautupa ufunguo kiti cha nyuma nisiufikie. Ningeua mtoto wa watu ili kanisa lisijue ninaumwa.

Mghoi yuko wodini, simu kaizima. Nikampigia Papa Bahati. Sikuwa na mwingine. Nikasema niko Woodbury, siwezi kuendesha, njoo. Nikakata kabla hajauliza.

Alikuja na gari la kazi. Nilikuwa nimeshapanga uongo, kizunguzungu cha pua. Alilitazama gari langu lilivyokaa upande. Akautazama mlango wa nyuma wa kliniki, ambao nao umeandikwa wazi humo wanatibu nini. Akashuka, akanishika kiwiko vile tunavyowashika wagonjwa.

"Mama, miye niko chauffeur, dereva," akasema. "Chauffeur haulizake mutu iko na nini. Funga mukanda."

Njia nzima kimya. Papa Bahati, kimya! Kimya chake kimeniogopesha kuliko maswali.

Jumamosi, 1 Machi

Tumekwenda na Mghoi kulichukua gari. Nimemweleza yote, hata kofia. Hakunigombeza. Alinishika mkono pale pale kwenye theluji kama mimi ndiye mtoto.

Papa Bahati hajapiga simu. Mkewe ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Nimekunywa chai tupu.

Jumapili, 2 Machi

Nilikaa kiti cha mwisho, karibu na makoti. Kila walipocheka nilijua ni mimi.

Zamu ya kusoma mahitaji ya maombi ilikuwa ya Papa Bahati. Alisimama. Akataja wafiwa. Akataja wanaotafuta kazi. Akanitazama mimi, nikatamani kutoka na nisingeweza kutoka. Kisha akasema, na pua ya Mama Mghoi.

Kanisa zima likainamisha vichwa kuombea pua yangu. Nililia kwa sauti. Walidhani ni Roho.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia nesi ukweli, kuanzia yule mzee wa gari jeupe. Hakufoka. Ningefurahi angefoka. Akamwita daktari. Daktari akasema leo hakuna dawa. Hakutakuwa na dawa mpaka mtu wangu aje hadi ndani, wamwone, ataje jina lake, kila mara bila kukosa. La sivyo wanasitisha kabisa. Kisha akaniuliza kuhusu lile wazo la Novemba, kama limerudi. Nikasema linachungulia. Hakuniachia niondoke hivyo. Tuliongea sana, akampigia Mghoi kwa simu ya wodini nikiwa pale pale, tukakubaliana atalala kwangu wiki hii.

Kwa hiyo mambo yamefika hapo. Au niseme, au dawa ikatike. Nikisema, kazini na kanisani watajua. Nisiposema, najua mimi mwisho wake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia bosi. Si pua, ni sonona. Alichezea kalamu muda mrefu. Nilitazama ubao wa funguo nyuma yake na kuuaga. Mwishowe akasema siku ya dawa funguo zangu zitalala ofisini, na asubuhi yake nitazichukua mkononi mwake, akinitazama usoni. Nimechukia. Ni haki lakini. Kazi bado ni yangu.

Kumwomba Papa Bahati kulikuwa kugumu zaidi. Nilimkuta akiosha chumvi ya barabarani kwenye magurudumu. Nikasema Jumanne na Ijumaa, saa tisa, uingie mpaka ndani, utaje jina lako. Nilisema nikitazama gurudumu. Akasema ameshabadilishana zamu na dereva wa Saint Paul tangu Jumatatu, apate nafasi mchana wa siku hizo. Hakutaka kuniambia mpaka nimwombe mwenyewe.

Nikamwambia merci, asante ya kwao. Nilitamka vibaya, hakunisahihisha.

Ijumaa, 7 Machi

Aliingia ndani na kofia mkononi kama mtu anayekwenda kuposa. Akataja majina yake yote matatu, na la ubatizo. Nesi akaandika. Nikapuliza.

Presha ilipanda, kisha ikashuka. Mikono ilikwenda zake, kisha ikarudi. Nilikuwa na hofu, lakini safari hii nilijua nani yuko nje.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nilioga bila kujisukuma. Sitaki kuliandika hili kwa herufi kubwa. Linaweza kusikia likakimbia.

Jumatano, 19 Machi

Siku mbaya. Nilioga kwa nguvu. Nilidhani nimeshavuka, kumbe. Nimemwambia Mghoi kwenye simu bila kuzunguka, nikasema leo ni mbaya. Akasema "Okay, Mum," akaja na wali. Nimekula nusu sahani.

Jumanne, 25 Machi

Theluji inayeyuka na mashimo yametoka barabarani. Papa Bahati alilikanyaga la kwanza pale tu kwenye maduka. Nikamwambia. La pili nikamwambia kwa sauti. Kisha anakaa karibu mno na lori. Kisha taa ya kugeukia anaiwasha akiwa ameshageuka, inamsaidia nani? Kisha breki, breki za mtu anayeua nyoka. Nani alimpa leseni? Tulipofika darajani nilikuwa bado nasema.

Alinyoosha mkono akazima redio. Nikajua nimemuudhi. Mtu kajitolea wiki zote hizi na mimi namfokea. Nikanyamaza, nikaanza kutafuta neno la kuomba radhi.

"Endelea tu, Mama," akasema. "Niko nasikia."

Ndipo nilipogundua. Safari zote hizi nimekaa nyuma ya mtu huyu kama gunia, ameendesha hivi hivi, na sikuona shimo hata moja. Leo nilikuwa na hasira. Si ule uzito, hasira tu ya barabarani, ya mtu anayetaka kufika.

Nikaendelea mpaka Phillips.