Mwanangu Hataki Nitundike Picha ya Baba Yake

Mshauri wetu, nakuomba unisome kabla ya Jumamosi, maana baada ya hapo hata ushauri hautanifaa. Mimi ni mama mtu mzima mwenye wajukuu, na ujanani nilisomea uchoraji, nikaolewa, watoto wakafuatana, brashi nikaziweka, na kazi ya mkono wangu ikabaki kuandika chati za ukutani za shule aliyokuwa akiiongoza mume wangu. Sikulalamika. Lakini mwaka jana mume wangu alipata kiharusi, upande mmoja ukalala, mdomo ukaenda upande, na mimi kwa kukaa naye ndani kutwa nzima nikatoa rangi zangu, nikajiunga na kikundi cha wachoraji, nikaanza kuchora kama mtu aliyekuwa amezibwa pumzi.

Sasa, mshauri, asubuhi moja nilimkuta mume wangu ameketi kitandani akihangaika kufunga kifungo cha shati kwa mkono mmoja, jua la dirishani limempiga ubavuni, uso umekunjamana kwa hasira, na badala ya kwenda kumsaidia nilisimama mlangoni nikamtazama tu mpaka akakiweza, kisha nikaenda stoo nikamchora hivyo hivyo, na mdomo wake ulivyo. Yeye hajui. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kuchora, nasema bila maringo, na kiongozi wa kikundi ameichagua itundikwe pale watu wanapoingilia ukumbini kwenye maonyesho yetu. Kifungua mimba wangu alipokuja kunisaidia kubeba picha akaiona, akaigeuza ukutani.

"Mama, umemwanika baba," akaniambia. "Mtu aliyevaa tai maisha yake yote, leo unamtundika hivi watu wapite wakimshangaa?"

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu.

"Basi ikitundikwa, mimi hapa nyumbani sikanyagi tena."

Na mwanangu hana mzaha. Binti yangu naye anasema nikiiacha nitakuwa nimejizika mara ya pili. Mume wangu ameshaona chakula hakinipiti, ananiuliza nina nini, namjibu ni uchovu, na hata redio anayobishana nayo kutwa siku hizi anaipunguza sauti ili asikilize ninavyopumua. Nimshike nani, nimwache nani?

Mama Rangi

MSHAURI ANAJIBU

Mama Rangi, pole, na sasa univumilie maana nitakusema. Umemsikiliza kiongozi wa kikundi, umemsikiliza mwana, umemsikiliza binti, umeniandikia na mimi nisiyekujua. Mwenye uso hujamuuliza. Mtu anayebishana na redio ana ulimi na akili yake anayo, mama. Kiharusi kimemchukua mkono, na nyinyi mnataka kumchukua na kauli?

Mwanao ana uchungu na baba yake, usimwone adui. Lakini usijidanganye kuwa yeye ndiye anayekukosesha chakula. Unaogopa mumeo akuulize ulikuwa wapi alipokuwa akihangaika na lile shati. Atauliza. Mjibu.

Kurudi kwenye uchoraji si kosa, na usimwombe mtu yeyote radhi kwa hilo. Umesubiri vya kutosha. Uso lakini ni wake. Kwa hiyo funga mlango, watoto wakiwa makwao, umpelekee picha pale pale kitandani. Akikataa, isiende ukumbini, usinune, na uendelee kuchora nyingine. Akikubali, mwanao aambiwe na baba yake, si na wewe.

Kwa kuwa gazeti lisingemfikia kabla ya Jumamosi, majibu haya nilimsomea kwa simu. Kesho yake jioni alinipigia. Mumewe aliitazama picha muda mrefu, kisha akasema, maneno yakitoka kwa shida, "Kumbe ulikuwepo."

"Nilikuwepo," mama akajibu.

Alasiri mumewe akadai simu apewe yeye mwenyewe, akampigia mwana.

"Jumamosi uje unipeleke ukumbini."

"Baba, hiyo picha umeiona?"

"Nimeiona. Uje na gari."

 Mwana akauliza aje saa ngapi.