Aliyeipima Makala Yangu

Mchafukoge, Dar es Salaam

Kaka Wilbert,

Shikamoo sikupi leo. Mama hajambo, mguu umepungua uvimbe, na sasa anashuka ngazi mwenyewe kwenda Kariakoo kuchagua vitenge.

Mimi nimepewa kazi ya kutengeneza kanzidata ya lile jarida la lugha lililokataa makala yangu. Nimepanga majedwali ya waandishi, makala na wapimaji, wale wanaosoma makala na kushauri ikubaliwe au ikataliwe, kila makala iunganishwe na aliyeipima. Majina ya wapimaji ni siri, lakini anayejenga mfumo huyaona yote. Makala yangu iliunganika na jina lako.

Ulijua ni yangu, maana nilikusomea kabla sijaituma. Ukaandika kwenye tathmini yako, "Mwandishi huyu hana kichwa cha utafiti." Jibu liliponifikia ukanipigia simu. "Pole mdogo wangu, hao watu hawana haki." Nililia, nawe ukanisikiliza mpaka mwisho.

Nimemwonyesha mhariri. Amekuondoa kwenye upimaji, na makala yangu inasomwa upya.

Pasaka usije kwangu.

Mama hajui lolote. Jana aliniuliza kama niliwahi kukushukuru kwa kunifariji kipindi kile. Nikamwambia nitakuandikia.

Joyceline