Ng'ombe wa Kituo cha Watoto

Ng'ombe tumepewa, na maziwa anayo!

Kijijini Mamba, Jumanne, Novemba 1996. Haya, habari za siku nyingi, shajara yangu. Mvua ya kwanza ilinyesha juzi. Leo ni mawingu tu, joto limepungua.

Mpango wa kituo cha watoto wadogo ni wa binti yangu Agnesi. Naandika hivyo ijulikane, maana wapo watakaosema ni wao. Mimi niliishia darasa la nne. Yeye amesomea malezi ya watoto Sumbawanga, akarudi huku huku kwetu.

Kila mwaka mvua ikianza tunashinda mbugani kwenye mpunga. Mtoto anayeanza kutembea umwache na nani? Anaachiwa dada yake, na dada anaacha shule. Agnesi amelikataa hilo.

Banda la mpunga tumelisafisha. Unga wa uji kila nyumba imetoa. Mshahara wa Agnesi, tutamlimia shamba lake kwa zamu. Wachanga mama zao watarudi mchana kunyonyesha. Yakabaki maziwa ya hao wakubwa kidogo, na Agnesi kasema wazi hafungui kituo cha uji mtupu.

Kwenye kikao chetu cha wanawake, jirani yetu Msukuma, Mama Shija, akasimama akasema ng'ombe atatoa yeye. Tukapiga vigelegele. Sisi Wapimbwe, walima mpunga, tunajua nini? Kumbe ng'ombe ni wa baba mkwe wake, mwenye zizi. Mzee aliposikia akanuna, akasema ng'ombe wake hawagawiwi kwenye vikao vya wanawake.

Nikaona limekwisha.

Jana Agnesi akanichukua twende zizini. Akapiga magoti, akamwamkia mzee vizuri.

"Hatukuja kuomba ng'ombe, baba. Tumekuja kuomba tukufugie mmoja."

Mzee akacheka. "Nyie Wapimbwe mmewahi kufuga nini zaidi ya kuku?"

"Ndiyo maana utakuwa unakuja kutukagua, baba. Ndama ni wako. Maziwa ni ya watoto, na mjukuu wako yumo."

Ndiyo desturi yao: ng'ombe anawekwa kwa mtu, huyo anakamua, ndama anabaki wa mwenyewe. Agnesi alikuwa ameshamuuliza Mama Shija yote hayo.

Mzee akanigeukia. "Huyu umemzaa wewe?"

Nikasema ndiyo.

Leo asubuhi ng'ombe kaletwa, kafungwa nyuma ya banda. Mzee mwenyewe kakagua kamba, kaondoka bila kuaga.

Mpunga hautusubiri. Nimepita nyumba kwa nyumba, za wakulima na za wafugaji, nikasema neno moja tu: wenye wachanga, wenye wanaotambaa, wenye wanaoanza kutembea, wote tunawategemea bandani Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda mbugani.