Sikutaja Jina

Jumatatu, 4 Septemba 2006
Nimefika Noonkopir salama. Nyumba ni ya mawe, vyumba viwili, sebule na jikoni, choo iko nje. Miaka arobaini na saba, na leo nimeanza diploma ya kufundisha nasari. Asi, mimi Mukonyo, mama Ndanu!
Wenzangu kwa nyumba ni wasichana wawili wa chuo. Mumbi ni wa Embulbul, redio yake hainyamazi. Aliniuliza kama mimi ndiye mathe wa kufua nguo. Nikamwambia mimi ni mwanafunzi kama yeye. Alicheka mpaka akakaa chini.
Mwingine ni Seleyian, Mmaasai wa upande wa Kajiado, mwaka wa mwisho. Huyo alikuja akainamisha kichwa mbele yangu, akabaki hivyo. Sikujua nifanye nini. Mumbi akaniambia, gusa bana, anangoja! Nikamgusa utosi. Kumbe kwao ndivyo mtoto anasalimia mtu mzima.
Nimepangiwa chumba kimoja naye. Mungu ametangulia.

Alhamisi, 7 Septemba
Mumbi amemaliza muthokoi yangu, mahindi ya kukobolewa niliyopika ya siku mbili, halafu anasema ni ngumu kama kokoto. Nimemwambia Bwana peke yake.
Seleyian anafagia chumba kabla sijaamka. Kila asubuhi kichwa, mkono, salamu. Lakini kuna kitu. Ana kitabu cha takwimu, nikiingia anakisukuma chini ya mto. Mtu akiwa anasoma kwa nini afiche kitabu?

Jumapili, 10 Septemba
Tumetoka kanisa, tukakaa jikoni kumenya viazi. Mumbi alikuwa ametoka. Seleyian akaanza kulia bila sauti, kisu bado mkononi.
Alianguka takwimu. Atarudia huo mtihani mwezi wa tatu, kwa hivyo joho ni mwaka ujao. Na baba yake, Mzee Parmuat, ameshachagua dume la kuchinja Desemba kwa mahafali! Kadi zimechapishwa. Wazee wa pande zote wamealikwa. Ni msichana wa kwanza wa boma lao kufika chuo, na mama yake hakuishi kuona.
Anasema atamwambia mwenyewe akipata mdomo. Hata Mumbi hajui. Nikamwambia, mwanangu, hii itabaki hapa, kwa hii sufuria.
Akaniita Yeyo. Ni mama, kwa kwao. Nimekaa na hilo neno jioni yote.

Jumatano, 13 Septemba
Ushirika wa akina mama wa kanisa ulikuwa kwa Mama Hillary. Mwenye kuongoza akauliza nani ana hitaji la maombi. Moyo ulikuwa umejaa. Nikasimama, nikasema kuna binti mmoja Mmaasai tunaishi naye, amerudishwa na mtihani, baba yake anapanga sherehe ya Desemba na hajui. Tukapiga magoti. Tuliomba kweli kweli! Mama Hillary aliitikia amina kuliko wote.
Sikutaja jina.
Nimerudi mwepesi kama mtu ametua kuni.

Jumanne, 19 Septemba
Seleyian amepigiwa simu na kaka yake Sankale. Aliongelea nje karibu na tangi, mgongo kwetu. Alipoingia alinipita. Akasema habari yako, hivyo tu, kama karani wa ofisi.
Hakuinamisha kichwa.

Jumatano, 20 Septemba
Nimeenda kwa Mama Hillary kuuliza nani alisema. Alinipokea na furaha! Eti siku ile ile alipigia shemeji yake simu huko Kajiado, nao wajiunge kwa maombi. Wamefunga siku tatu. Huyo shemeji ni jirani ya Mzee Parmuat.
Nikamwambia, lakini sikutaja jina. Akanishangaa, akasema: Mama Ndanu, si unaishi na Mmaasai mmoja?
Ngai wangu.
Nyumbani Mumbi alikuwa anaosha viatu, Seleyian ameshamweleza yote. Hata hakuinua macho. Mathe, umemuuza mtu wetu. Na ukamalizia na amina.
Ningesengenya, ningejua natubu nini. Sasa natubu maombi?

Ijumaa, 22 Septemba
Nimepiga magoti mbele ya Seleyian, mtoto aliye rika la Ndanu wangu. Akanivuta niinuke, hataki watu wazima wapige magoti. Akasema, si ulisema ni kwa sufuria?
Halafu akanieleza. Mzee amesikia, lakini amekataa kuamini. Anasema ni wivu wa majirani. Anakuja kesho. Hatamuuliza Seleyian, anasema mtoto anaweza kuficha baba. Ataniuliza mimi, kwa sababu ameambiwa mimi ni mtu wa kanisa.
Seleyian anataka niseme ni uongo. Anataka wiki mbili tu, aende nyumbani amwambie kwa mdomo wake, wakiwa wawili. Asiaibishwe kwa nyumba ya watu.
Nikamwambia sijawahi kudanganya mzee wa mtu.
Akasema, ulinitoa nje na maombi. Nirudishe, hata kama ni kwa uongo.

Jumamosi, 23 Septemba
Amefika saa nne. Naandika nikiwa chumbani, yeye yuko pale nje ya mlango, kwa sebule.
Ni mzee mrefu, koti juu ya shuka, viatu vimepakwa rangi. Takwenya, akanisalimia. Iko, nikajibu, vile Seleyian alinifunza. Alifurahi! Ameniletea maziwa kwa kibuyu, amekibeba mwenyewe kutoka Kajiado. Ya mama anayeishi na mtoto wangu, akasema. Mumbi amezima redio. Seleyian aliweka chai akarudi jikoni.
Akaniambia: Mama, mimi sikusoma. Hiyo joho siijui. Wewe unajua Mungu na unajua vitabu. Desemba anavaa ama havai?
Nikasema ngoja nilete miwani. Miwani ya nini, Mukonyo! Hakuna karatasi ya kusoma.
Miwani iko hapa kitandani. Nimefungua Biblia nikaifunga. Nikisema kweli, nimemuuza mara ya pili. Nikisema uongo, huyo mzee atarudi Kajiado akitembea kifua mbele kwa neno langu, mbele ya wale waliofunga siku tatu.
Seleyian ameingia sasa hivi. Amesimama mbele yangu na ameinamisha kichwa, kama ile siku ya kwanza.
Nimeweka mkono. Kichwa ni moto.
Mzee ameniita. Mama Ndanu! Mara ya pili sasa. Kalamu iko mkono wa kulia, wa kushoto uko kwa utosi wake. Nikiutoa itabidi nitoke, na nikitoka itabidi nimjibu.