Nimeisamehe Jin

Mpanda, Jumapili, Agosti 1954. Vumbi, upepo, na jua lisilo na haya.

Leo natangaza rasmi, mbele ya mashahidi wawili, yaani meza na kiti, kwamba mimi Gaspari, mhudumu wa baa kwenye klabu ya Wazungu wa mgodini, nimeisamehe jin.

Mashahidi hawakupiga makofi.

Kwa sheria ya serikali, pombe kali ni ya Wazungu; Mwafrika kama mimi naruhusiwa kuimimina tu, siyo kuimeza. Kwa hiyo msamaha huu ni wa siri, na daftari hili lifunge mdomo.

Ugomvi wetu ulianzia kijiji cha Mamba, kwa wakwe zangu, baada ya mavuno ya mpunga. Nilipeleka chupa nzima ili nionekane mtu. Kule anayeleta pombe ndiye anayeonja kwanza, watu waone haina sumu. Nami nikaonja kama tunavyoonja pombe ya mtama: kata iliyojaa, bila kupumua. Wazee wakanitazama kwa heshima. Heshima hiyo ilidumu muda wa kuvuta sigara moja.

Kisha nikamwita mama mkwe kwa jina lake.

Tena mara mbili. Ya pili nikiwa naimba.

Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga, akaingia ndani. Asubuhi nilirudi Mpanda peke yangu. Yustina, mke wangu, akabaki kumtuliza mama yake. Mpaka leo anamtuliza, na kinu chake kiko hapa mlangoni kinamngoja. Mimi nimejifunza kusonga ugali wa mtu mmoja, na bado kila siku unabaki.

Tangu hapo nikimimina jin klabuni nageuza pua. Lakini macho sijageuza. Nimeona kwamba Wazungu hawaivamii; wanaibembeleza kwa ndimu, sukari na barafu. Basi injinia mmoja aliyerudi kwao aliponiachia nusu chupa, nikaona nijaribu kama wao.

Jana nilianza na martini, ile isiyo na sukari, yenye zeituni, ambayo meneja huinywa akiwa amefumba macho kwa raha. Nami nilifumba macho, kwa sababu nyingine. Gimleti, ya maji ya ndimu na sukari, ilinifanya nikae chini nifikiri. Halafu kolinsi: jin kidogo, ndimu, sukari, soda mpaka juu. Hiyo niliimaliza. Nikabaki naitazama glasi kama mtu aliyesalimiwa kwa adabu na adui yake.

Nakiri, haikuwa kiu. Denisi, kaka yake Yustina, alikuwa ameleta salamu kwamba leo atapita na lori la mpunga. Nikajua anakuja kunipima. Mtu akisema ameacha pombe, anaahidi tu. Lakini akinywa kidogo, kitu kilekile, akabaki na akili zake, ameonyesha. Denisi angekwenda kusimulia nyumbani, na Yustina angerudi.

Niliazima barafu ya klabu ndani ya chupa ya chai. Saa nane akafika. Nikachanganya, nikaonja kwanza. Safari hii tone la kulowesha ulimi.

"Shemeji, ndiyo hii iliyokuimbisha?"

"Yenyewe."

"Mbona tamu? Kumbe ulikuwa huijui tu!" Akacheka mpaka akapiga meza. "Nyie watu wa mgodini mna mambo."

Nilikaa wima kama niko studio napigwa picha. Kila nilipomtaja mkwe nilisema "mama", na nilimtaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nikauliza kama Yustina hajambo. Hajambo, akasema, huku akiangalia barafu inavyoyeyuka. Nikauliza kama amenenepa. Akasema kidogo. Nikaogopa kuuliza la tatu, nikamwongezea soda.

Hiyo ya pili aliinywa taratibu. Akasema mzee wao angeipenda, kwamba siku moja niipeleke. Moyo wangu, mjinga ule, ulishaanza kufagia uwanja na kutandika kitanda.

Honi ya lori ikalia barabarani. Denisi akasimama, akajifuta mdomo. Hakunitazama.

Alikuwa ametumwa kuchukua kinu cha dada yake.